Maswali ya Mara kwa Mara: Ukikutana na Mwenye Renjifainda Mwenzako Kigoma

Renjifainda ni kamera ambayo fokasi yake unaipata kwa kulinganisha picha mbili ndani ya dirisha la kutazamia. Huangalii kupitia lenzi. Nyingi ni za filamu, nyingi zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozibeba leo, na Kigoma tunaozitumia ni wachache kiasi kwamba kukutana barabarani ni tukio. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi na wanaoanza. Nimejibu kama ninavyoamini, na imani yangu kubwa ni moja: msalimie mtu kwanza, kamera itafuata.

Nitajuaje kwa mbali kwamba yule ana renjifainda?

Tazama juu ya kamera. SLR, yaani kamera ambayo unatazama kupitia lenzi yenyewe, ina nundu katikati. Renjifainda iko bapa, na usoni ina madirisha mawili au matatu yaliyopangwa juu ya lenzi. Dirisha kubwa la pembeni ni la kutazamia. Lile dogo linaleta picha ya pili, ambayo mpigapicha anaiona kama kiraka katikati ya anachokitazama. Akizungusha pete ya lenzi kiraka kinasogea, na picha mbili zikipandana zikawa moja, fokasi imekaa.

Hata ushikaji unamtambulisha mtu. Dirisha liko kwenye kona, kwa hiyo anayetumia jicho la kulia pua yake haibanwi na kamera, na jicho la kushoto linabaki huru kuangalia nani anakuja.

Zipo za dijitali zinazofanana nazo sana, kama Fujifilm X100 zilizoanza kuuzwa 2011, na Leica ya Ujerumani nayo ilitoa kamera yake ya M ya dijitali mwaka 2006. Ukitaka uhakika, tafuta mkono au kirungu cha kuvutia filamu juu upande wa kulia na kirungu cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Mwenye kamera ya dijitali naye msalimie, lakini msitarajie kuzungumzia wapi mtasafishia filamu.

Ukiwa karibu, sikiliza. Canonet, Yashica Electro 35 na Olympus 35 RC zina shata (kile kinachofunguka na kujifunga kuingiza mwanga) ndani ya lenzi, na mlio wake ni mdogo mno. Katikati ya Soko la Mwanga hutausikia kabisa. Zorki na FED, kamera za Kisovieti, zina shata ya kitambaa ndani ya mwili wa kamera, na hizo zinajitangaza zenyewe.

Nikishamwona, nianzeje?

Kwanza muache amalize. Mtu aliyesimama ameinua kamera usawa wa kifua huenda anasubiri mwanga utoke nyuma ya wingu, au anamsubiri mwendesha baiskeli afike mahali fulani. Ukimkatiza, hiyo fremu imekwenda, na filamu ya kawaida ina fremu 36 tu. Simama pembeni ambapo anaweza kukuona, usikae mbele ya lenzi yake.

Akiishusha, salimia kama unavyomsalimia mtu yeyote. Shikamoo kwa mkubwa, habari za asubuhi kwa rika, na subiri jibu kamili kabla hujagusa habari ya kamera. Nasisitiza hili kwa sababu ukimkaribia mtu macho yako yameganda kwenye kitu kilichoning'inia shingoni mwake, atafikiri unataka kukikwapua, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo. Kamera yako iwe wazi, si ndani ya begi. Ikionekana tu, maelezo mengi hayahitajiki.

Swali zuri la kwanza ni: "Umeweka filamu gani?" Linafungua mengi. Utajua anapiga rangi au nyeusi na nyeupe, kama anapiga kwa ISO (wepesi wa filamu kupokea mwanga) 200 au 400, anaipata wapi, nani anamsafishia.

Swali baya la kwanza ni bei. Usimuulize mtu hadharani, pale Kibirizi kati ya watu mia, kwamba Leica yake alinunua shilingi ngapi. Jibu lake linaweza kusikika na asiyetakiwa kulisikia, na wewe utaondoka ukimwacha na mzigo huo.

Hapa Kigoma nitakutana na nani hasa, na wapi?

Sisi tuko mwisho wa reli, na hilo linatusaidia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ni katika miaka hiyohiyo Oskar Barnack alikuwa Wetzlar, Ujerumani, akijaribu kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema, ile iliyokuja kuuzwa kwa jina la Leica mwaka 1925. Stesheni yetu na ukoo huo wa kamera ni rika moja, na treni bado inashusha watu waliobeba kamera za ukoo huo. Nje ya stesheni, abiria wakishatoka na mizigo yao, ni mahali pazuri pa kutupa macho. Nasema nje, na sababu nitaieleza mbele, kwenye swali la mahali pa kutokutana na kamera mkononi.

Kibirizi ni pa pili. Boti za kwenda Gombe zinaondokea huko, na wanaokwenda Gombe mara nyingi wana kamera. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale mwaka 1960, na Hugo van Lawick akaja mwaka 1962 kupiga picha za sokwe zilizofanya dunia iijue Gombe, kwa hiyo wapenda picha wengi wanaifikiria safari hiyo miaka mingi kabla ya kuifanya. Mwenye renjifainda anayekwenda Gombe ana mashaka yake: lenzi zake ni fupi, msituni mwanga ni hafifu, na flashi haitumiki mbele ya sokwe. Mwambie abebe filamu ya ISO 400 au 800 na lenzi yenye tundu la f/2 au pana zaidi. Ushauri huo utakufungulia mazungumzo kuliko sifa yoyote utakayoitoa kwa kamera yake.

Kibirizi na Katonga pia ndipo wanaopenda kuwapiga picha wavuvi hukutana bila kupanga, asubuhi boti zikirudi na dagaa. Kama unataka kuweka miadi huko, tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu boti nyingi zinapumzika, na mtakuta mchanga mtupu.

Halafu wapo wazee, na hao ndio ninaowathamini kuliko wote. Ujiji na Mwanga wapo waliowahi kuwa na studio, waliopiga picha za harusi na za ubatizo, walimu wastaafu, mabaharia wa zamani, watu waliofanya kazi reli. Mtu wa namna hiyo huenda hana alama yoyote ya kumtambulisha. Nilimkuta mmoja Ujiji, si mbali na kumbukumbu ya Livingstone, amekaa kivulini na Canonet mapajani, mkoba wake wa ngozi umefunguliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naona mzee bado una mkanda ndani."

"Upo. Zimebaki nne."

Akaniuliza ya kwangu inasoma mita au futi. Kisha akainua yake kunionyesha jambo. Ile Canonet ina kijiti kidogo chini ya lenzi cha kusukumia fokasi kwa kidole. Kidole chake kilikuwa kimeshakisukuma kabla kamera haijafika jichoni. Ilipofika, alikigusa kidogo tu, akabonyeza. Pembeni ya kijiti rangi nyeusi ilikuwa imekwisha, chuma kinang'aa. Akasema mtu anayekusalimia amesimama mita moja na nusu, mtu anayekupita njiani ni mita tatu, na mkono ukishazoea umbali huo, jicho linabaki na kazi ya kutazama sura. Hakuna kitabu cha maelekezo kilichonifundisha hilo.

Usitumie mchana wote kuwasubiri watalii huku umempita mzee wa mtaani kwako bila kumsalimia.

Naweza kuomba kuishika kamera yake?

Unaweza, mkishaongea kidogo. Njia nzuri zaidi ni kumpa ya kwako kwanza. Ukimkabidhi yako kwa mikono miwili, na mkanda wake ukiwa umeupitisha shingoni mwake au mkononi mwake, naye atakupa yake.

Ukiishika, mambo machache ni ya lazima. Usibonyeze shata, kwa sababu kila fremu ni pesa. Usivute mkono wa filamu. Usiguse kioo cha lenzi wala kile kidirisha kidogo cha mbele. Alama ya kidole pale inafifisha kiraka na mwenyewe atashindwa kuona fokasi. Kama mmetoka kula migebuka, nawa kwanza. Mafuta ya mawese hayatoki kirahisi kwenye ngozi ya kamera.

Na usifungue mgongo. Kwenye Canonet mgongo unafunguka ukivuta kirungu cha kurudishia juu, kwa hiyo usikichezee. Zorki 4 inafunguka kwa funguo za chini na mgongo wote unachomoka. Sekunde moja ya jua la saa sita inatosha kuharibu fremu nyingi zilizokwisha kupigwa.

Kwenye Zorki na FED liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui: spidi ya shata hubadilishwa baada ya kuvuta filamu, si kabla. Ukizungusha gurudumu la spidi shata ikiwa haijavutwa unaweza kuvunja mtambo wa ndani. Kama ni mgeni wa kamera hizo, waache wenyewe wazungushe, wewe tazama kwenye dirisha tu.

Ukilitazama, elekeza kwenye mstari uliosimama wima, kama nguzo ya umeme au ukingo wa mlango. Hapo ndipo utaona waziwazi picha mbili zikikutana. Mwambie mwenyewe ulichokiona. Kiraka chake kikiwa na nguvu kuliko chako, atafurahi kusikia. Kikiwa kimefifia, huenda hajui, kwa sababu kimefifia polepole miaka yote hiyo.

Yangu ni Zorki ya Kirusi, yake ni Leica. Atanidharau?

Akikudharau hiyo ni tabia yake, na filamu haina habari nayo. Fremu ni milimita 24 kwa 36 kwenye zote mbili. Zorki na FED zimetokana na muundo wa Leica za zamani. FED zilianza kutengenezwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934. Lenzi za skurubu za milimita 39 zinaingia kwenye Leica za zamani, na kwa kiungio kidogo zinaingia hata kwenye Leica M, ingawa usahihi wa fokasi kati ya lenzi za Kirusi na kamera za Kijerumani unahitaji kujaribiwa kwanza. Mtu mwenye Leica M3, kamera ya mwaka 1954, anaweza kutaka sana kujaribu lenzi yako ya Jupiter-8. Hilo nimeliona likiwaunganisha watu kwa mchana mzima.

Kamera yake imeandikwa Leica, ina dhahabu na nembo za kijeshi. Nadhani ni Zorki iliyobandikwa jina. Nimwambie?

Hapana, si barabarani, na si mbele ya watu. Kamera bandia za namna hiyo zipo nyingi, zimetengenezwa kutokana na FED na Zorki, na aliyeinunua au kurithi huenda anaipenda kwa sababu isiyohusiana na jina. Kama ilikuwa ya baba yake, wewe utakuwa umemwambia nini hasa?

Isipokuwa pale anapotaka kuiuza, au wewe unataka kuinunua, au ameuliza mwenyewe. Hapo mwambie ukweli kwa sauti ya chini, na mwonyeshe unachokitumia kupambanua: umbo la kitufe cha shata na ile pete inayokizunguka, namna lenzi inavyofanana na Industar, lenzi ya Kirusi, sehemu ambako maandishi ya zamani yamekwanguliwa. Mwongezee kwamba inapiga picha vizuri kama Zorki yoyote nzima.

Ameacha kifuniko kwenye lenzi na anaendelea kupiga. Nimkatize?

Ndiyo, mara moja! Kwa kuwa dirisha haliko kwenye lenzi, mwenye renjifainda anaona kila kitu vizuri kabisa huku lenzi imefunikwa. Hapa huhitaji utangulizi mrefu. "Samahani kaka, kifuniko" inatosha, salamu itafuata.

Kinyume chake nacho kipo. Kamera yenye shata ya kitambaa ikiachwa mezani bila kifuniko lenzi ikilitazama jua, jua linaweza kutoboa kitambaa. Ukiona Leica au Zorki imelazwa juu ya meza ya mgahawa ufukweni inaangalia angani, mwambie mwenyewe aigeuze.

Naruhusiwa kumpiga picha?

Omba. Wanaopiga picha za wenzao wengi hawapendi kupigwa, na wengine wanapenda mno kwa sababu hawana picha zao hata moja. Akikubali, mpige akiwa anafanya kazi yake.

Tukiamua kutembea pamoja, tufanyeje ili tusiwachoshe watu?

Mmoja kwa mmoja. Lenzi mbili zikimwelekea mama anayeanika dagaa zinamfanya ajione kama mshtakiwa. Mmoja aongee naye, mwingine apumzishe kamera. Mkiona amezoea, badilishaneni. Ombeni ruhusa kwa mdomo, kwa lugha yake mkiijua. Kiha kidogo kinasaidia kuliko lenzi yoyote.

Watoto watakuja wakisema "nipige!" na baada ya hapo "nione!" Hakuna cha kuwaonyesha, mgongo wa kamera ni chuma kitupu. Ninachofanya ni kuwaruhusu watazame kwenye dirisha, mmoja baada ya mwingine, nikiwa nimeishika mimi, na nawaambia wazungushe pete mpaka marafiki wao wawili wawe mmoja. Hawaridhiki na maneno kuwa picha itakuja, lakini wanakumbuka walichokiona.

Ahadi ya picha ni deni. Mkimwahidi mvuvi picha, mkubaliane kabisa nani anaileta, kwa sababu watu wawili wakiahidi pamoja kila mmoja humtegemea mwenzake. Andikeni jina lake na jina la boti kwenye daftari.

Kwa kutembea mtaani, wekeni fokasi kabla. Lenzi ya milimita 40 kwenye f/11, fokasi mita 3, inatoa picha kali kuanzia chini kidogo ya mita 2 hadi karibu mita 8. Jua la Kigoma la saa nne asubuhi na filamu ya ISO 200 linaruhusu: f/16 na sehemu ya 250 ya sekunde, au f/11 na sehemu ya 500. Hapo hamhitaji kipima mwanga na mnaweza kuendelea kuongea.

Mzee amenitolea kamera yake kabatini, haifanyi kazi. Nifanye nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa kirefu.

Kabla ya chochote, jua kama ndani kuna filamu. Tazama namba kwenye kaunta. Zungusha kirungu cha kurudishia taratibu sana kwa mwelekeo wa mshale: kikigoma kama kimeshikwa na kitu, filamu ipo. Basi usifungue. Inaweza kuwa na sura za watu waliokwisha kufa, na familia haijui kama picha hizo zipo. Omba ruhusa ya mzee, bonyeza kitufe cha chini (kwenye Zorki ni ile pete ya kitufe cha shata), rudisha polepole mpaka usikie imeachia, ndipo ufungue, tena kivulini. Filamu nyeusi na nyeupe ya zamani mara nyingi bado ina kitu. Ya rangi inategemea: mchakato wa C-41 unaotumika sasa ulianza mwaka 1972, na filamu za rangi za kabla ya hapo zilikuwa na michakato mingine, kama C-22. Hizo ukizitia kwenye dawa za leo zenye joto la nyuzi 37.8 unaweza kuziharibu kabisa. Zisafishwe kama nyeusi na nyeupe, na mtu anayejua. Negativu ni mali ya mzee. Zirudishe zote.

Baada ya hapo ndiyo tuangalie kamera. Shata ya ndani ya lenzi isiyofunguka kwa kawaida ina mafuta yaliyoganda. Usitie mafuta ya cherehani! Visu vya shata vinatakiwa vikavu, mafuta yanavigandisha zaidi. Fundi anavisafisha kwa kimiminika kinachokauka chenyewe.

Ile sponji nyeusi kwenye kingo za mgongo, baada ya miaka arobaini, inakuwa kama lami inayonata, na mwanga unaingia. Kuibadilisha ni kazi ya mchana mmoja, na kijana makini anaweza kuifanya.

Betri zinawachanganya watu. Canonet za baadaye zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Betri namba 675 ya vifaa vya masikio, yenye volti karibu 1.4, inafanya kazi ikiwekewa pete ya kuikaza. Hata bila betri Canonet inapiga, ukichagua spidi na tundu la lenzi mwenyewe. Yashica Electro 35 haiko hivyo. Bila betri inapiga spidi moja tu, sehemu ya 500 ya sekunde, na wengi wanaitupa wakidhani imekufa. Ukivuta mkono wake na kuusikia ule mlio wa "tok" ndani, ni dalili njema. Ukikosekana, kuna kipande cha mpira kimeoza.

Mwisho kuna ukungu. Kwetu ziwani, kamera iliyofungwa ndani ya mkoba wa ngozi toka mvua za masika zilizopita itaota utando kwenye lenzi unaofanana na mizizi ya nyasi. Mwambie mzee aitoe kwenye mkoba, aiweke mahali penye hewa na mwanga, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Na kama haitengenezeki, mwambie hivyo bila kuzungusha maneno. Usijitolee kuinunua siku hiyohiyo. Mzee akiona ulimsifia kamera asubuhi kisha mchana unaitaka kwa bei ya chini, ataona kila ulichosema kilikuwa biashara.

Mimi ni msichana. Nikimfuata mwanaume nisiyemjua kwa sababu ya kamera, watu watanielewaje?

Watu wataongea, na usalama wako ni muhimu kuliko gumzo la filamu. Ongea naye mahali penye watu, ukiwa na rafiki kama inawezekana, na mazungumzo yabaki kwenye picha. Hulazimiki kutoa namba yako.

Wanaume wanaosoma hapa, hili ni letu. Ukimwona dada na renjifainda, salimia kwa umbali wa heshima, onyesha kamera yako, na umwachie yeye aamue. Ukitaka mwendelee kuwasiliana, mpe namba yako wewe. Usiombe ya kwake, na usimfundishe kutumia kamera ambayo anaitumia tayari.

Kuna mahali ambapo tusikutane na kamera mkononi?

Bandarini, ndani ya stesheni, karibu na kambi za jeshi na vituo vya polisi, na uwanja wa ndege: ombeni ruhusa kwa wahusika, mkikataliwa funikeni lenzi. Kigoma ni mpakani, na watu wawili waliosimama na kamera zisizo za kawaida wanaulizwa maswali. Jibuni kwa utulivu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ina taratibu zake za vibali, na mwenzako anayefanya kazi huko usimsumbue akuonyeshe picha alizopiga.

Mwenzangu ametoka Bujumbura au Kalemie, na Kiswahili chake na changu havikutani vizuri. Tutaelewana?

Mtaelewana. Wakongo wengi wa ng'ambo ya ziwa wanakijua Kiswahili cha kwao, na namba za lenzi hazina lugha. Nyosha vidole kuonyesha ISO, mwonyeshe boksi la filamu, mpe atazame kwenye dirisha lako.

Amenipa filamu yake moja. Nimlipe?

Kama ni mgeni anayeondoka na filamu zimembakia, pokea kwa shukrani. Filamu hapa haipatikani kama zamani ilivyokuwa kwenye kila studio. Wengi wetu tunaagiza, inasafiri na mizigo ya basi au na ndugu anayetoka Dar, na joto la njiani haliisaidii. Anayekupa filamu moja amekupa kitu kikubwa. Mlipe kwa kuipiga upesi na kumtumia picha mbili tatu za Kigoma alizokosa kuzipiga.

Kama ni mwenzako wa hapahapa, mrudishie filamu. Si lazima iwe ya aina ileile.

Muulize pia imepita wapi. Filamu iliyopitishwa kwenye mashine mpya za CT za kukagulia mizigo kwenye viwanja vikubwa vya ndege inaweza kuwa imeharibiwa na miale hata ikiwa ya ISO ndogo. Ukijua mapema, hutaitumia kwenye harusi ya dada yako.

Hataki kuongea. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea. Wengine wanapiga picha ili wawe peke yao. Mwitikie kwa kichwa, endelea na safari yako, na usimsimulie kwa wengine.

Tukubaliane nini kabla ya kuachana?

Ulizeni nani kati yenu ana dawa ya kusafishia filamu. Dawa kama D-76 ikishachanganywa haikai milele, na mtu mmoja mwenye filamu moja kwa mwezi anaitupa nusu. Wawili au watatu mkikusanya filamu zenu, mnaimaliza ikiwa bado na nguvu. Mkisafisha pamoja, kumbukeni kwamba muda unaoandikwa kwenye chati ni wa nyuzi 20, kama dakika 7 na nusu za filamu ya HP5 kwenye D-76 isiyopunguzwa. Maji ya bomba la Kigoma yana joto zaidi, kwa hiyo chupa ya dawa ikae ndani ya beseni lenye barafu mpaka kipimajoto kishuke. Kupunguza muda tu badala ya kupoza kunawezekana, ila ukifika chini ya dakika 5 dawa haifanyi kazi kwa usawa na anga la ziwa litatoka na mabaka.

Halafu kila mmoja aandike kwa peni ya wino usiofutika, juu ya kila kopo la filamu: jina, mwezi, na ISO aliyopigia. Kwenye beseni moja filamu zote zinafanana.